Kutibu ulevi na kuacha maradhi ya akili ni kazi bure

WATU wengi humwona mlevi kuwa mtu aliyekosa haya. Akianguka mtaroni humcheka, akiuza shamba humlaani. Ni wachache wanaouliza anakimbia nini kila jioni anapoinua gilasi.

Wataalamu wa afya ya akili wanasema kuwa uraibu wa pombe aghalabu hauji peke yake. Huandamana na mfadhaiko, wasiwasi uliokithiri au kiwewe cha ukatili na ajali. Maradhi hayo yakikutana na pombe, kila moja huchochea jingine.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Kwa saa chache hofu hutulia na usingizi huja. Hata hivyo, usingizi huo hukatika usiku wa manane, na asubuhi wasiwasi hurudi kwa nguvu zaidi. Mwili nao ukizoea, kiasi cha jana hakitoshi leo. Hivyo basi, aliyeanza kunywa ili atulie huishia kunywa ili asitetemeke.

Aidha, mtu aliyeanza kunywa akiwa mzima aweza kupatwa na mfadhaiko kutokana na pombe yenyewe, mbali na majonzi ya kazi iliyopotea na ndoa iliyovunjika.

Ndiposa daktari hakati shauri siku ya kwanza. Kwa kawaida, mfadhaiko uliosababishwa na pombe hupungua majuma machache baada ya kuacha. Ukizidi mwezi mmoja hivi, yamkini ni ugonjwa unaojitegemea, na unahitaji tiba yake.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Kijana hupelekwa katika kituo cha kurekebisha tabia, akakaa miezi mitatu, akapokewa nyumbani kwa shangwe. Lakini huzuni aliyoingia nayo hutoka nayo vilevile. Muda si muda anarejelea chang'aa, nao jamaa wanakata tamaa wakidhani amewadharau. Tiba ifaayo ni ile inayoshughulikia yote mawili kwa pamoja: dawa, ushauri nasaha na msaada wa familia.

Tahadhari mbili ni muhimu. Kwanza, mraibu wa muda mrefu asifungiwe chumbani ili aache pombe ghafla, kwani aweza kupatwa na degedege, akaona yasiyokuwepo na hata kufa. Amwone daktari kwanza. Pili, akitaja kujiua, asipuuzwe. Pombe humwondolea mtu woga uliokuwa ukimzuia.

Msaada upo. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1910, hutibu maradhi ya akili pamoja na uraibu. Mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, NACADA, nayo ina nambari ya simu isiyolipishwa, 1192.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Kabla ya kumkemea mlevi wako, muulize anaumwa wapi.