Mwamvuli uliovunjika ni vazi la mvua la mtoto

Katika nyanda za juu za Kigoma mvua huja kwa msimu mmoja mrefu. Huingia Oktoba au Novemba na kuaga Aprili au Mei. Mtoto wa Busunzu, wilayani Kibondo, aendaye shule asubuhi na madrasa alasiri, huishi zaidi ya nusu ya mwaka chini ya mawingu hayo. Akifika amelowa, hutetemeka darasani na juzuu yake huvimba kwa maji. Na mzazi aonaye wingu jeusi siku ya pili huona ni heri mwanawe abaki nyumbani. Hivyo ndivyo masomo yanavyokatika.

Zamani mfuko wa plastiki ulifunika kichwa na vitabu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini, kwa manufaa ya ardhi na mifugo yetu, na kinga ile ya bure ikaondoka nayo. Makoti ya mvua ya dukani nayo mara nyingi humfaa mtu mzima apandaye pikipiki, na kofia yake haikupimwa juu ya mtandio wa binti. Lakini ufumbuzi hauko mbali na cherehani ya fundi wa kijijini.

Nailoni ilibuniwa mwaka 1935 na Wallace Carothers katika maabara ya DuPont nchini Marekani, na katika Vita Kuu ya Pili ikashonewa miavuli ya askari warukao kutoka angani. Leo nailoni na polyesta ndizo hutengenezewa mahema mepesi, makoti ya wapanda milima na miamvuli tuitumiayo. Kwa hiyo mwamvuli uliovunjika mbavu bado una kitambaa cha thamani. Kipime kwa kukiweka mdomoni na kupuliza: pumzi isipopita, maji nayo yatapita kwa shida. Hema la mitumba ambalo upande wake wa ndani unanata au kubanduka liache. Tabaka lake la kuzuia maji limekwisha.

Chukua mwamvuli mkubwa, ule uwezao kusitiri watu wawili, ukate nyuzi zilizoushika kwenye mbavu, ila mishono yake usiifumue. Tundu la katikati lipanue liwe la kupitisha kichwa: pima mzunguko wa kichwa cha mtoto akiwa amevaa mtandio, uongeze vidole vinne. Kofia ikatwe kwa kipimo hicho hicho, na ukingo wake utiwe lastiki; kamba shingoni ni hatari kwa mtoto achezaye. Ukitaka vazi lifike chini ya goti, ongeza ukanda kutoka mwamvuli wa pili. Lisifike kwenye kifundo cha mguu, asije akalikanyaga akaanguka topeni. Upana wake hausitiri mwili tu, bali hufunika na mkoba mgongoni, tena hupitisha hewa ili jasho lisimloweshe kwa ndani.

Kitambaa hiki hakisamehe tundu. Pini zichomwe kando tu, mahali patakapomezwa na mshono, au tumia vibanio vya kuanikia nguo. Tumia sindano mpya nyembamba, namba 11 au 12, na uzi wa polyesta, kwani uzi wa pamba huoza. Hatua za mshono ziwe ndefu kiasi, milimita tatu hivi. Zikibanana mno, kitambaa huchanika kama karatasi ya stempu. Mshono ukunjwe na kushonwa mara mbili kama wa mguu wa suruali ya jinzi, na kipande cha juu kilalie cha chini kama nyasi za paa, ili maji yateremke pasipo kuingia.

Bado matundu ya sindano yatavuja. Hapa Kibondo ina neema yake, kwa kuwa ni nchi ya asali. Sugua nta ya nyuki juu ya kila mshono, kisha pitisha mgongo wa kijiko kilichotumbukizwa katika maji yanayochemka na kufutwa. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 na kitu, ikaziba matundu. Pasi ya mkaa usiitumie, huunguza kitambaa. Nta hukwanguka kwa matumizi, basi irudiwe kila baada ya wiki kadhaa.

Mabaki yasitupwe. Yatatosha kijaluba cha juzuu, chenye mdomo mrefu ukunjwao mara tatu kabla ya kufungwa. Na kwa kuwa miamvuli mingi ni myeusi, shonea kipande cheupe mgongoni, ili dereva amwone mtoto barabarani wakati wa ukungu au magharibi.

Kazi hii ni ya kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Akina mama wa msikiti mmoja wakikusanya miamvuli mibovu ya mtaa mzima na kumpelekea fundi kwa pamoja, gharama itabaki kuwa uzi, lastiki na ujira wake. Mvua ya kwanza ikinyesha, inshaallah, watoto wataikuta njiani wamejiandaa.