Nani Ataulizwa Juu ya Hori Yetu?



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, wiki hii tuzungumzie suala ambalo aghalabu huulizwa kwa kumnyoshea kidole mtu mwengine: ni nani mwenye jukumu la kuyalinda mazingira? Ni serikali, wenye viwanda, au ni sisi? Nitaanza kwa kulikiri kosa langu, maana mwenye kunasihi huanza na nafsi yake.

Ramadhani moja, madrasa yetu iliandaa futari ya pamoja. Ili kuwapunguzia kina mama taabu ya kuosha vyombo, tulinunua sahani na vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja. Baada ya Tarawehe yakabaki magunia sita ya taka. Gari la taka lilikuwa halijafika mtaani kwa siku nyingi. Nikampa kijana wa mkokoteni shilingi 300, nikamwambia, "Yaondoe hapa." Sikumuuliza ayapeleka wapi.

Siku chache baadaye alinijia mama mmoja ambaye watoto wake husoma kwetu, na ambaye riziki yake ni kuokota chaza na kaa katika mikoko maji yanapokupwa. Baada ya salamu alitoa kikapuni gunia tupu lililojaa tope. Jina la madrasa yetu lilikuwa bado lasomeka.

"Maalim," akasema kwa adabu, "sahani zetu zimenasa kwenye mizizi. Futari ile nilikula na mimi, basi lawama si yako peke yako. Lakini niambie, nimuulize nani?"

Nilitaka kumjibu kuwa ni kaunti, kwani gari lao halikuja. Jawabu hilo lilikuwa la kweli, ila halikuwa kweli yote. Nikanyamaza.

Tokea siku hiyo nimelipima swali lake kwa mizani tuliyofunzwa chuoni. Wanazuoni wamezigawanya faradhi sampuli mbili. Fardhi ayn ni ya kila mtu kwa nafsi yake, kama Swala tano. Hakuna awezaye kukuswalia. Fardhi kifaya ni ile ambayo baadhi wakiitekeleza huwaondokea waliobaki, kama kumzika maiti. Jeneza likiachwa barazani, kila mtu akimngojea mwenziwe, dhambi ni ya mtaa mzima.

Naona jukumu la mazingira lina pande hizo mbili. Taka niliyoizalisha mimi ni yangu. Mtume (S.A.W.) ametukataza kudhuru, na ametuonya tusichafue mahala pa maji, njia za watu na vivuli wanavyopumzikia. Shilingi 300 haziiondoi shingoni mwangu; zimeihamisha tu kutoka mlangoni kwangu hadi penye riziki ya mwenzangu. Ama hori, mikoko na bahari ni vya wote, na kuvitunza ni kifaya.

Katika kifaya, mwenye uwezo na mamlaka ndiye hutangulia kuulizwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 69 kinamtaka kila mtu ashirikiane na vyombo vya dola kuyalinda. Kuzoa taka na kusimamia majaa ni kazi ya kaunti. Sheria ya taka ya 2022 nayo imewatwika wazalishaji jukumu la bidhaa zao hata zinapokuwa taka. Basi kauli ya "tuanzie nyumbani" isiwe pazia la kuwafichia wenye amana kubwa kuliko zetu. Kuwadai ni katika kuamrisha mema.

Tuwatazame majirani zetu wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, waliodhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Aliyesimama mbele katika madai yao ni mama, Bi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na mwanawe akaugua. Mwaka wa 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na iliwatwika lawama wenye kiwanda pamoja na taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia. Kesi ilikatiwa rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu ile Desemba 2024.

Na huko Gazi, Kwale, wanakijiji wameilinda mikoko yao chini ya mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Huuza haki za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, na mapato yakaingia katika maji na shule za kijiji. Hiyo ndiyo kifaya iliyopata wenyewe: wachache wamesimama, na wengi wamenufaika.

Na sisi tulifanya nini? Kwanza tuliiandikia kaunti barua, wazazi wakatia saini. Gari sasa hufika, ingawa si kila wiki. Lisipofika, tunaandika tena. Pili, Ramadhani iliyofuata tulirejea kwenye masinia ya wazee wetu. Hapo kina mama wakauliza, na walikuwa na haki: "Na nani ataosha?" Kumbe ni swali lile lile limerudi kwa sura nyengine. Kuilinda mikoko kwa jasho la wanawake peke yao si uadilifu. Hadithi mashuhuri ya mchunga haikumtaja mke pekee. Imewataja kiongozi na mume pia, na kila mmoja ataulizwa kwa alichokabidhiwa.

Tukakubaliana kuwa wanaume na wavulana wakubwa ndio watakaoosha. Usiku wa kwanza nilikunja mikono ya kanzu, nikaketi kwenye karai pamoja na wanafunzi wangu. Yule mama alipita akielekea kwake, akasimama, akayatazama masinia yaliyopangwa.

"Maalim," akasema, "hilo la chini halijatakata."

Nikalitoa, nikaliosha tena.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitekeleza amana zetu kabla hatujaulizwa juu yake. Wabillahi tawfiq.