Lango la Jinja na Mifuko ya Kawangware

Jioni, kwenye steji ya Kawangware 56, omena hupimwa kwa gorogoro. Bei ikipanda, muuzaji ana maelezo yake tayari: mvua. Omena huanikwa juani, na ziwa likifurika ufuo humezwa, hapabaki pa kuanika. Zinazokosa jua huharibika, na nyingi huishia kuuzwa kwa bei ya chini kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Wateja wake wengi wana asili ya Magharibi, na maji yanapoingia Budalang'i, kule Busia, simu zao ndizo hulia kwanza. Ada ya shule, mahindi ya kununua baada ya shamba kuzama, nauli ya kumhamisha nyanya kwa jamaa wa mlimani: yote hutoka hapa, kwa kibarua cha mjengo na mauzo ya kibandani.

Mafuriko haya huzungumzwa kana kwamba ni shida ya Busia peke yake, ya kumalizwa kwa magunia ya mchanga. Mimi naona msaada wa dharura ni sehemu ndogo ya jibu. Ziwa Victoria ni la nchi tatu. Tanzania ina asilimia 49, Uganda 45, na Kenya 6 tu. Linalotokea ufuo wetu huamuliwa kwa kiasi kikubwa na mawingu yaliyo juu ya jirani zetu, na pia na milango ya bwawa ambayo ufunguo wake hatuna.

Umbo la ziwa lenyewe linaeleza mengi. Ni kama sinia: pana mno, kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake kwa wastani ni mita 40 tu. Takriban asilimia 80 ya maji yake hunyesha moja kwa moja juu ya uso wake. Mito huleta yaliyobaki: Kagera, ulio mkubwa kuliko yote, hukusanya maji ya Burundi na Rwanda, na kwetu kuna Nzoia, Yala, Nyando, Sondu Miriu na Kuja. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi angani kama mvuke. Pa kutokea pengine ni pamoja tu, Mto Nile pale Jinja, Uganda. Ndiyo sababu misimu michache ya mvua ya kupindukia, au ya ukame, huonekana haraka ufuoni.

Mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki yalipata joto kupita kawaida, huku upande wa Indonesia yakipoa. Hali hiyo hutokea yenyewe mara kwa mara, lakini ya mwaka ule ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa kali zaidi kuwahi kupimwa. Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Vuli ikanyesha bila kukoma, kisha masika yakafuata. Katika muda wa miezi sita hivi ziwa lilipanda mita 1.21, na Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42. Rekodi ya 1964, mita 13.41, ikavunjwa. Mwezi huohuo kingo za Mto Nzoia zilibomoka Budalang'i, na familia zikahamia kambini. Mei 2024 ziwa likapita hata alama hiyo ya 2020.

Je, ongezeko la joto duniani lilichangia kiasi gani? Utafiti uliochapishwa 2024 ulikadiria kwamba lilifanya kupanda kwa namna hiyo kuwe na uwezekano wa karibu mara mbili, na kwamba lilichangia kama sentimita 7 za ile mita 1.21. Wapo watakaosema sentimita 7 ni kitu gani. Zitandaze juu ya ziwa lote, utapata karibu mita za ujazo bilioni 4.8. Bwawa la Ndakaini, linalotegemewa na Nairobi kwa maji ya mfereji, likijaa pomoni hubeba milioni 70. Ni Ndakaini zaidi ya 65, zimemwagwa juu ya ziwa lililokuwa limejaa tayari. Na Budalang'i ni tambarare, kwa hiyo sentimita chache za kwenda juu huwa hatua nyingi za kuingia shambani.

Sasa twende Jinja. Bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilifunguliwa 1954, likazamisha maporomoko ya Ripon yaliyokuwa yakilidhibiti ziwa kwa mwamba wake. Uingereza, iliyokuwa ikitawala Uganda, ilikubaliana na Misri kwamba maji yaachiliwe kwa kadiri ileile ambayo mwamba ungeyaachilia: ziwa likipanda, mengi yatoke, likishuka, yapungue. Kipimo hicho hakikuheshimiwa siku zote. Katika ukame wa 2004 na 2005 maji yalifunguliwa kupita kiasi ili kuzalisha umeme, na mtaalamu wa maji Daniel Kull alikadiria 2006 kwamba zaidi ya nusu ya kushuka kwa ziwa kulitokana na hilo. Wavuvi wa Kisumu waliona maji yakiwakimbia.

Mwaka 2020 mambo yaligeuka. Uganda iliongeza maji yanayoachiliwa hadi kufikia mita za ujazo 2,400 kwa sekunde. Kwa Budalang'i hiyo ilikuwa nafuu. Lakini maji yale hayakupotea. Yalipita maziwa ya Kyoga na Albert, yakaingia Sudan Kusini, nchi ambayo mafuriko yake ya miaka iliyofuata yaliuacha mji wa Bentiu umezungukwa na maji. Nafuu ya mmoja ilikuwa mzigo wa mwingine, na hakuna Mkenya, Mganda wala Msudani Kusini anayeweza kupanga jambo hili peke yake.

Wakenya wengi wanaijua Migingo, kisiwa cha mwamba kisichofika ekari moja, kwa sababu ya mzozo wa bendera na samaki. Naomba tujue Jinja vilevile, maana milango yake inagusa watu wengi zaidi kuliko mwamba ule.

Vyombo vya kuzungumzia haya vipo. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake Kisumu. Kituo cha IGAD cha utabiri wa hali ya hewa, ICPAC, kiko Ngong, mwendo mfupi kwa matatu kutoka Kawangware. Kikubwa zaidi ni Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile, unaozitaka nchi kubadilishana takwimu za maji mara kwa mara na kuunda kamisheni ya pamoja. Kenya iliutia saini Mei 2010. Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini ziliuridhia, na ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024. Siku hiyo Kenya haikuwamo miongoni mwa zilizouridhia. Misri na Sudan zinaupinga kwa sababu zao, lakini sisi tulikwisha kukubali kwa saini yetu.

Kwa sheria yetu ya 2012, mkataba hupitia Baraza la Mawaziri kisha Bunge la Taifa. Kwa hiyo, wewe unayepiga kura Dagoretti Kaskazini na kutuma pesa Budalang'i, una wabunge wawili wa kuwauliza swali moja: mkataba huu utaletwa bungeni lini? Waulize kabla ya masika.