Mtumbwi wa Gome na Amri ya Truman (Sehemu ya Tatu)

Mabishano kuhusu mgodi wa shaba yameurudisha mji wa Ely, kaskazini mwa Minnesota, kwenye habari, na kila anayeandika hukimbilia hesabu ya ajira. Hifadhi ya Boundary Waters iliyo jirani na mji huo, na maziwa yake zaidi ya 1,000, tumekwisha kuieleza. Leo tukitazame chombo kilichoifungua. Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walibandua gome la mbetula mwanzoni mwa kiangazi, linapoachia mti kwa urahisi. Walilishona kwa mizizi iliyopasuliwa, wakatia mbavu za mwerezi, kisha wakaziba mishono kwa ulimbo uliochanganywa na mafuta na unga wa makaa. Mtumbwi huo ulibeba watu majini, na watu wakaubeba mabegani kutoka ziwa hadi ziwa. Wachukuzi wa biashara ya manyoya waliouiga walijitwika mafurushi mawili kwa mkupuo, kila moja kama kilo 40. Mtalii wa leo ana mtumbwi wa alumini au Kevlar, lakini njia za kuubebea ni zilezile, na uzito wa kuubeba ndio mlinzi wa hifadhi kuliko askari yeyote.

Ushahidi ni miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, ndege zilipoanza kutua majini na kushusha wavuvi katika maziwa ya ndani kabisa. Sigurd Olson, mwandishi aliyeishi Ely, alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele, na Desemba 1949 Rais Truman akapiga marufuku ndege kuruka hapo chini ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari. Kwangu amri hiyo ina thamani kuliko sanamu zote za marais. Wapo wanaosema inawapendelea vijana wenye misuli na kuwanyima wazee. Hasira hiyo ilikuwapo: mwaka 1977 sanamu ya Olson ilitundikwa kitanzini mjini humo humo. Hata hivyo sheria ya hifadhi hiyo ya 1978 iliacha injini katika baadhi ya maziwa, na mzee anaweza kuvua huko. Tusichoweza ni kumpa kila mtu wepesi wa kufika kisha tudai ukimya uleule. Kikomo cha watu tisa na mitumbwi minne kwa kundi si uchoyo, ni adabu. Hoja ya Waojibwe ni nzito zaidi: mkataba wa 1854 uliwaachia haki ya kuwinda na kuvua, na anayeliita eneo hilo pori tupu anawafuta.

Kuhusu mgodi, madini yale yana salfaidi, ambayo ikikutana na hewa na maji huzaa asidi. Januari 2023 serikali ilizuia uchimbaji mpya katika ekari zipatazo 225,000 kwa miaka 20, na wapinzani wa zuio hilo walitaka liondolewe kwa kuwa magari ya umeme yanahitaji shaba. Ni kweli yanaihitaji, lakini shaba inachimbwa kwingine pia, na maji ya Birch Lake, ziwa lililo karibu na eneo la mgodi, huelekea kaskazini, hifadhini.