Milimita Saba za Maji ya Chumvi: Hesabu ya Kipimajoto Kinachonyamaza Baharini Mtwara

Kipimajoto cha majini kikiacha kushika mtandao, wengi wetu hufikiria kwanza kununua redio yenye nguvu zaidi. Tupige hesabu kabla ya kutoa fedha. Ukiondoa redio ya miliwati 25 na kuweka ya miliwati 100, nguvu imeongezeka mara nne, yaani desibeli 6. Kwenye masafa ya megahezi 868, yanayotumiwa na vifaa vingi vya kutuma vipimo mbali, maji ya Bahari ya Hindi humeza takribani desibeli 9 kwa kila sentimita. Nguvu yote uliyoongeza inaishia kwenye milimita 7 za maji.

Hoja ya makala haya imo ndani ya hizo milimita 7. Kwenye pwani ya Mtwara, kuanzia Msangamkuu hadi Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma, ishara dhaifu ya kipimajoto ni tatizo la maji na urefu wa antena kabla ya kuwa tatizo la redio. Anayelianza kwenye redio atalipa mara mbili.

Kwa nini tupime ndani ya maji

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Eneo lake ni kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu pamoja. Setilaiti zinazofuatiliwa na shirika la NOAA la Marekani kwa ajili ya matumbawe husoma joto la bahari kwa miraba yenye upande wa kilomita 5, yaani kilomita za mraba 25 kila mmoja. Gawanya 650 kwa 25, unapata miraba 26. Ghuba, miamba ya nje, mikoko na mlango wa mto vyote vinasimuliwa kwa namba 26, na baadhi ya miraba hiyo imeangukia nchi kavu.

Mvuvi anayevuka kutoka maji ya kina kifupi ndani ya ghuba hadi nje ya mwamba anajua kwamba maji hayo mawili hayana joto moja. Mraba mmoja wa setilaiti unaweza kuyachanganya yote mawili. Ndiyo maana kihisi kilichozama mita 5 penye matumbawe yenyewe kina thamani.

Thamani hiyo inahesabika. NOAA hupima mateso ya matumbawe kwa kuzidisha joto na muda. Maji yakizidi kwa nyuzi 1 wastani wa mwezi ulio na joto zaidi, na hali hiyo ikadumu wiki moja, hiyo ni alama 1. Alama zikifika 4, matumbawe huanza kupauka kwa kiwango kikubwa. Zikifika 8, vifo vinatarajiwa. Sasa chukua maji yaliyozidi kwa nyuzi 1.5 kwa wiki tatu: 1.5 mara 3 ni 4.5. Kipimajoto kilichonyamaza wiki tatu tu kinaweza kuficha safari nzima ya kutoka salama hadi kupauka. Bahari ya Hindi ya magharibi ilipata pigo hilo mwaka 1998 na tena mwaka 2016, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo kwenye upaukaji mkubwa wa nne. Kwa akina mama wanaotafuta pweza maji yakipwa, na kwa wenye madema, mwamba uliokufa ni kitoweo na ada ya shule vilivyopotea.

Bwawa, mto na bahari si maji mamoja

Vipimajoto vingi vya bei nafuu vinavyoelea vimetengenezwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea, na hutumia megahezi 433. Katika bwawa la hoteli kifaa hicho hufanya kazi vizuri. Maji ya bwawa la kawaida humeza kama robo ya desibeli kwa sentimita, kwa hiyo antena ikizama sentimita 10 hasara haifiki desibeli 3. Nguvu imepungua kwa nusu hivi, na namba bado inafika mapokezi.

Peleka kifaa hicho hicho Msimbati, ukizamishe sentimita 10 zile zile. Kwa masafa hayo maji ya bahari humeza karibu desibeli 7 kwa sentimita, jumla 70. Kila desibeli 10 ni kugawanya nguvu kwa 10, hivyo desibeli 70 ni kuigawanya kwa milioni 10. Kifaa kizima kabisa, betri mpya, na hakisikiki.

Kinachofanya tofauti ni chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na kwa hiyo hunyonya ishara ya redio na kuigeuza joto. Masafa yakipanda, ulaji nao unapanda: kwenye gigahezi 2.4 za Wi-Fi, bahari inakula zaidi ya desibeli 10 kwa sentimita. Hesabu hizi hazijagusa hasara nyingine inayotokea pale ishara inapovuka uso wa maji kuingia hewani.

Mlango wa Ruvuma unaongeza fumbo lake. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mto ukijaa, maji matamu ni mepesi na hutandaa juu ya maji ya chumvi. Kwenye megahezi 868 maji ya mto hula kama theluthi moja ya desibeli kwa sentimita, dhidi ya 9 za bahari. Kwa hiyo boya lililokaa chini kupita kiasi linaweza kutuma namba vizuri mwezi Machi, kisha likakaa kimya Septemba, ilhali hakuna aliyeligusa. Fundi atabadilisha betri, atabadilisha redio, na kosa halitaonekana, kwa sababu kilichobadilika ni maji.

Akiba ya desibeli 151

Ishara ni kama fedha ya safari: una kiasi fulani mfukoni, na kila hatua ina nauli. Redio ya aina ya LoRa, mojawapo ya zile za kutuma vipimo mbali kwenye megahezi 868, ikituma kwa miliwati 25 huanza na desibeli 14 kwenye kipimo chake. Kipokezi kizuri, kikiwekwa kwenye mwendo wa polepole zaidi, husikia mpaka chini ya sifuri kwa 137. Jumlisha, mfuko una desibeli 151.

Sasa weka antena ya boya mita 1 juu ya maji, na antena ya ufukweni mita 6. Juu ya bahari ishara husafiri kwa njia mbili, moja kwa moja na kwa kuakisiwa na maji, na njia hizo huharibiana. Kwa umbali wa kilomita 5 nauli ni takribani desibeli 132. Akiba inabaki 19. Kwa kilomita 10 nauli ni 144, akiba 7.

Desibeli 19 zinaonekana nyingi mpaka ukumbuke bei ya maji. Sentimita 2 za maji ya bahari zikifunika antena, 18 zimekwenda. Boya lililolemewa na koa na magugu, likazama kidogo kila wiki, linakula akiba hiyo pasipo kelele. Sentimita 5 zinagharimu desibeli 45, yaani nguvu imegawanywa kwa zaidi ya 30,000.

Upande wa pili wa hesabu una nafuu kubwa. Ukipandisha antena ya ufukweni kutoka mita 6 hadi 12, unapata desibeli 6, sawasawa na zile za kuongeza nguvu mara nne. Nguzo haili betri ya boya, na haiombi mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ruhusa ya nguvu kubwa zaidi. Ukipandisha na antena ya boya kutoka mita 1 hadi 2, unapata nyingine zinazokaribia 6. Akiba ya kilomita 5 inatoka 19 inafika kama 30, na redio ni ile ile.

Kwa hiyo umbo sahihi la kifaa ni hili: kihisi kinakaa chini penye matumbawe, waya uliozibwa vizuri unapanda mpaka kwenye boya, na redio pamoja na antena vinakaa juu kabisa ya boya. Joto linapimwa chini, linasemwa juu. Wanaotaka kutuma bila waya wakiwa chini ya maji hutumia sauti, ambayo husafiri majini kwa takribani mita 1,500 kwa sekunde, lakini vifaa vyake ni ghali na havihitajiki kwa mita 5 za kina.

Ukimya una ratiba, isome

Kabla ya kupanda mashua, chukua daftari la namba zilizofika na zilizopotea, uliweke kando ya jedwali la maji.

Kama namba zinapotea mara mbili kwa siku, na saa ya kupotea inasogea mbele kama dakika 50 kila siku, tatizo linafuata maji kujaa na kupwa. Mara nyingi ni kamba. Tuseme boya limefungwa mahali penye mita 8 wakati wa kupwa, na bamvua inaongeza mita 3.5: hiyo ni 11.5. Ongeza mita 1.5 za mawimbi, tayari 13. Boya lenye kamba ya mita 11 litaelea vizuri siku za maji mafu, na siku za bamvua litavutwa chini ya maji na nanga yake lenyewe.

Kama namba zinapotea usiku na kurudi jua likipanda, ni betri au paneli ya jua iliyochafuliwa na ndege. Kama ishara inashuka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ni uchafu wa baharini unaolemea boya. Kama inapotea wakati wa kusi na kutulia upepo ukilala, boya linalala ubavu, na linahitaji uzito zaidi chini. Kama ilikatika ghafla baada ya dhoruba, kagua kwanza mahali boya lilipo. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma. Pwani hii haina sababu ya kuamini nanga nyepesi.

Kama hakuna ratiba yoyote, fanya jaribio la ndoo mbili. Jaza moja maji ya bomba, nyingine maji ya bahari. Weka kipokezi mita 20 mbali, soma nguvu ya ishara antena ikiwa hewani, kisha ndani ya kila ndoo. Ikiwa hata hewani ishara ni dhaifu, kosa liko kwenye kifaa, antena au kiungio kilichopata kutu. Ikiwa hewani ni nzuri na kwenye ndoo ya chumvi imekufa, kifaa ni kizima. Kinataka kuinuliwa.

Fedha inakwenda wapi

Bei zifuatazo ni za mfano. Kila mtu aweke za kwake. Tuchukue maboya matano, na safari moja ya kuyazungukia yote: lita 30 za petroli kwa shilingi 3,000 ni 90,000, nahodha na msaidizi 60,000. Safari moja ni shilingi 150,000.

Bila mtandao, ukitaka namba kila wiki mbili, ni safari 26 kwa mwaka: shilingi 3,900,000. Ukiwa na mtandao unaoshika, bado utakwenda kila mwezi kusafisha maboya, kwa kuwa hakuna redio inayokwangua koa. Safari 12 ni 1,800,000. Umeokoa 2,100,000. Nguzo ya mita 12 pamoja na kipokezi, tuseme 1,400,000, inajilipa kwa miezi 8.

Lakini mtandao unaoshika na kuachia haukuokoi kitu, maana kila ukimya unazaa safari ya dharura. Mita 5 za kamba ya ziada kwa shilingi 2,000 ni 10,000. Safari moja ya kwenda kugundua kwamba kamba ni fupi ni mara 15 ya hiyo.

Kuna bima ya mwisho, nayo karibu ni ya bure: kifaa kitunze namba ndani yake hata kama kimezituma. Kipimo kila dakika 10 ni vipimo 144 kwa siku, 52,560 kwa mwaka. Kila kimoja kikichukua baiti 8, saa na joto pamoja, mwaka mzima haufiki nusu ya megabaiti. Mtandao ukifa wiki tatu mwezi Machi, utakosa onyo, lakini hutakosa historia. Joto la siku iliyopita halipimwi tena kwa fedha yoyote.

Ukiweka namba zote pamoja, mpangilio wa matumizi unajitokeza wenyewe: kumbukumbu ndani ya kifaa, kamba ya kutosha, antena juu ya boya, nguzo ufukweni, usafi wa kila mwezi. Redio yenye nguvu zaidi iwe ya mwisho, na huenda isihitajike. Na kabla ya kukata kamba, muulize nahodha wa Msimbati bamvua ya Machi hufika wapi kwenye mwamba ule. Namba atakayoitaja ndiyo ya kwanza kuandikwa kwenye hesabu hii.