"Hakuna" na "Si": Kutaja Jibu Tupu na Jibu Batili katika Hesabu za Nafasi

Makala haya yanakusudia kueleza tofauti baina ya jibu tupu na jibu batili katika hesabu za nafasi, na jinsi Kiswahili kinavyoweza kuibainisha. Katika hesabu hizo, zilizoenezwa na Mmarekani Ramon Moore kwa kitabu chake cha mwaka 1966, kipimo hutajwa kwa mipaka miwili, wa chini na wa juu. Mathalani, joto la maji ya Ziwa Kivu likiandikwa [23, 24], maana yake ni kwamba thamani ya kweli imo humo.

Ichukuliwe kwamba kipimajoto kimoja kinatoa [23, 24] na kingine [25, 26]. Kompyuta ikitafuta thamani zinazokubaliwa na vyote viwili, hupata nafasi tupu. Jibu hilo ni halali, kwani linathibitisha kwamba vipimo vinapingana. Lakini karani akiandika [24, 23], amepindua mipaka, na alichoandika si nafasi hata kidogo.

Kiwango cha kimataifa IEEE 1788 cha mwaka 2015 hutenganisha hali hizo. Nafasi yenye alama ya uhalali, ikiandikwa visivyo, huitwa "si nafasi", na ubatili huo huingia katika kila hesabu inayoitumia baadaye. Nafasi isiyo na alama, kinyume chake, hurudishwa ikiwa tupu, pamoja na onyo la pembeni. Onyo hilo lisiposomwa, kosa la karani hufanana na jibu halali.

Kiswahili sanifu kina nyenzo za kutosha hapa: "hakuna" hukanusha kuwapo kwa kitu, "si" hukanusha kwamba kitu ni kile kinachodaiwa. Katika mazungumzo ya Goma, hata hivyo, "haiko" huweza kubeba maana zote mbili: "kitabu haiko hapa", "hii haiko kitabu". Msikilizaji huamua kwa muktadha. Jedwali la vipimo halina muktadha huo.

Hilo si jambo dogo katika mji ambao sehemu yake iliamriwa kuhama tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya mlipuko wa Nyiragongo. Msomaji wa jedwali sharti ajue kama vyombo vinapingana au karani amekosea: hali ya kwanza hudai kupima upya, ya pili kusahihisha daftari. Hivyo basi, "nafasi tupu" na "si nafasi" zifundishwe kama istilahi mbili.