Kupanda Limuru, Kushuka Ndio Ngoma

Mkaazi wa Nairobi akisikia neno baiskeli, aghalabu hufikiria mambo mawili. La kwanza ni ile baiskeli nzito nyeusi, Black Mamba, iliyosheheni kreti za mikate, mitungi ya maziwa au gunia la makaa. La pili ni mtoto wa jirani anayezunguka uani huku akipiga kengele mpaka watu wakasirike. Ni wachache wanaowaza kwamba chombo hicho kinaweza kuitoa jamaa nzima kwenye moshi wa jiji, baba, mama, kijana wa chuo na msichana wa miaka kumi na miwili, na kuifikisha kwenye mashamba ya majani chai kabla ya saa nne asubuhi.

Si lazima uwe mwanariadha. Unachohitaji ni kuijua nchi unayoipitia, kuyajua matumizi ya gia zako, na zaidi ya yote, kuwa na subira na mwenzako. Tuchukue mfano wa Limuru, mji ulio takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Huko ndiko chai ilikopandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, mwaka 1903.

NCHI YA MIGONGO

Anayeitazama Kiambu kutoka dirisha la matatu huona vilima visivyo na mpango. Lakini mpango upo. Mito inayotoka nyanda za juu za Nyandarua hutiririka kuelekea kusini mashariki, na kwa miaka mingi imechimba mabonde yanayokwenda sambamba kama matuta ya shamba la viazi. Kati ya bonde na bonde pana mgongo mrefu wa ardhi.

Kwa mwendesha baiskeli, jambo hilo ni muhimu kuliko ramani yoyote. Barabara inayofuata mgongo hupanda polepole, na hata mgeni huimudu. Barabara inayokata migongo haina huruma: unateremka mpaka mtoni, unavuka daraja, kisha unaanza kupanda upande wa pili huku magoti yakilalamika. Ukiwa na mtoto au mtu ambaye hajazoea, fuata mgongo. Ukitaka kujipima nguvu, kata mabonde.

Jambo jingine ni hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nayo Limuru hupita mita 2,200. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa zaidi ya moja kwa tano ikilinganishwa na Mombasa. Kwa hivyo mgeni kutoka pwani asidhani amezeeka ghafla. Apunguze mwendo, apumue kwa kina, na mwili utazoea taratibu.

KILA MTU NA NJIA YAKE

Kosa la wengi ni kudhani kwamba watu wote lazima waanzie mahali pamoja. Wanaoanza wanaweza kupakia baiskeli kwenye pikapu au juu ya gari hadi Tigoni, kisha wakaendesha kilomita nane au kumi katikati ya mashamba ya chai, kwenye barabara ndogo zenye magari machache. Humo utayasikia mambo ambayo matatu haikuruhusu kuyasikia: ndege, jogoo, maji mtoni, na wanakwaya wakipasha sauti kabla ya ibada.

Wenye nguvu za wastani waanzie Banana, wapande kupitia Tigoni hadi Limuru, wale mahindi choma au ndizi, kisha warudi. Na wale ambao miguu yao inawasha waondoke jijini alfajiri kwa barabara ya Red Hill, wapande mpaka Limuru na kurejea. Hiyo ni safari ya kilomita 60 hivi, na sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ni mlima. Makundi hayo matatu yanaweza kuagana kukutana Limuru saa nne, wanywe chai pamoja.

Njia moja tungeshauri msiiguse: barabara kuu ya malori, na ule mteremko wa kuelekea Mai Mahiu. Mandhari ya Bonde la Ufa yanavutia kweli, lakini lori lililoshindwa na breki haliulizi nani alikuja kutazama mandhari.

GIA SI ZA UREMBO

Siku hizi baiskeli nyingi zinazouzwa jijini, hata zile za mitumba kutoka ng'ambo, zina gia. Ajabu ni kwamba wenyewe huziacha mahali pamoja mwaka mzima, mpaka mnyororo unazoea kutu.

Kanuni ni rahisi. Kwenye mlima, mnyororo ukae kwenye gurudumu dogo la meno mbele na kubwa nyuma. Pedeli zitakuwa nyepesi, nawe utazungusha mara nyingi kwa mwendo mdogo. Watu wengi hustarehe wakizungusha mara 70 hadi 90 kwa dakika. Badilisha gia kabla ya mlima kukushika, si baada ya kukwama, kwa kuwa mnyororo uliobanwa kwa nguvu hugoma kuhama, na wakati mwingine hukatika.

Kiti nacho kipimwe. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Wengi huketi chini mno wakiogopa kuanguka, halafu jioni wanalalamika magoti. Na ukishindwa na mlima, shuka usukume. Hakuna aibu. Hata mwenye Black Mamba, ambaye ana nguvu kutushinda sote, hushuka na kusukuma.

HATARI IKO MTEREMKONI

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mlimani unachoka, lakini ni vigumu kuumia. Mteremkoni hutoki jasho, na hapo ndipo watu huvunjika mifupa.

Kasi ina hesabu yake. Ukienda kwa kasi maradufu, umbali ambao baiskeli itasafiri tangu ushike breki mpaka isimame huongezeka mara nne. Kwa hivyo punguza mwendo kabla ya kona, wala si katikati yake. Tumia breki zote mbili. Ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ukiibana ghafla peke yake itakurusha. Sogeza makalio nyuma kidogo, tazama mbali, na ukumbuke kuwa barabara zetu zina matuta yasiyopakwa rangi, mashimo yaliyojaa maji, na mbuzi wasiojua sheria za trafiki.

Hata mabingwa hawana kinga. Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli wa Kenya aliyeheshimiwa na vijana wengi, alianguka na kufariki katika mashindano huko Vermont, Marekani, mwezi wa Agosti mwaka 2022. Alikuwa na umri wa miaka 33. Hatumtaji ili kuwatisha wazazi. Tunamtaja kwa sababu yeye na wenzake waliijua hatari hiyo na kuiheshimu, ilhali sisi tunamwachia mtoto ateremke mlima bila helmeti, breki zikiwa zimelegea.

Barabara zetu nyingi hazikujengwa kwa kumfikiria mwenye baiskeli. Barabara ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 iliwekewa njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli, na bado humo mtu hukutana na bodaboda na meza za wachuuzi. Basi jilinde mwenyewe. Endesheni upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, mkiwa na nguo za rangi kali. Mtu mzima awe mbele na mwingine awe mkiani, watoto wakae katikati. Acheni nafasi ya urefu wa baiskeli mbili kati yenu. Asiwepo mtu mwenye vidude vya muziki masikioni, kwa maana sikio ndilo kioo chako cha nyuma.

MWENYE MWENDO MDOGO NDIYE KIONGOZI

Hapa ndipo safari nyingi za jamaa huharibika. Kijana mwenye nguvu hutimua mbio, hufika kileleni, hupumzika dakika kumi, na mara dada yake anapofika akihema, yeye hupanda baiskeli na kuondoka. Aliye na nguvu amepumzika, aliyechoka hakupumzika. Jumapili ifuatayo dada hatakuja tena, na watu watasema wasichana hawapendi baiskeli.

Sheria iwe hii: mapumziko huanza kuhesabiwa mtu wa mwisho akifika. Mwenye nguvu akitaka mazoezi, apande kilima, ageuke, awarudie wenzake na apande nao tena. Na msidhani anayebaki nyuma ni mtoto kila mara. Mlimani unabeba uzito wako mwenyewe, na mara nyingi ni baba mwenye kitambi anayemwona binti yake akipotelea kwenye kona. Jambo hilo si baya. Ni vyema mtoto amsubiri mzazi angalau siku moja kwa wiki.

KUTOKA KIKUYU HADI PARIS

Asidharau mtu mazoezi ya vilima hivi. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alijifunza mchezo huu akiwa kijana chini ya David Kinjah, katika kijiji kilicho karibu na Kikuyu. Aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006, na baadaye, akiwa chini ya bendera ya Uingereza, akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Majirani zetu nao hawakulala. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kutwaa fulana ya kijani, na Septemba 2025 Kigali ilikuwa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Nchi ya Rwanda ina vilima kama vyetu.

KABLA HAMJAONDOKA

Usiku wa kuamkia safari, bonyeza tairi, jaribu breki, tia mnyororo mafuta. Bebeni pampu, tyubu moja ya akiba na viraka, kwa maana Jumapili asubuhi fundi huenda yuko kanisani. Kila mtu awe na chupa ya maji, na anywe kabla kiu haijamshika. Miezi ya Juni na Julai Limuru hufunikwa na ukungu wa baridi, kwa hivyo chukueni sweta na taa. Wakati wa masika, mwe mmerudi kabla ya mvua ya alasiri.

Kisha anzeni na kilomita kumi tu. Mkizimaliza mkiwa bado mnaongea na kutaniana, wiki ijayo ongezeni tano.